Tabibu wa Meno na Mgonjwa Mwenye Ulemavu



Mimi ni mtu wa mafaili, si mganga wa meno. Lakini Mbeya kuna chuo cha matabibu wa meno, na baadhi yenu hapa Iringa mtakwenda huko. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilazwa chali, maji huweza kumpalia. Mwinue kichwa, mhudumie polepole. Fenitoini, dawa ya kifafa, huweza kuvimbisha fizi: usimgombeze mama kwa uchafu, wala usimwachishe mgonjwa dawa. Mwandikie daktari wake. Tabibu asiyefundishwa haya atang'oa jino ambalo lingezibwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 naijua kwa vifungu, lakini haizibi jino. Naiomba Wizara iwakutanishe wanafunzi na watoto hao wakiwa chuoni, mwalimu akiwa karibu, si mara ya kwanza Kilolo, wakiwa peke yao.