Kicheko cha Anayeacha Pombe



Mtaa wetu huu wa Birere, mjini Goma, unamcheka mlevi tangu asubuhi. Akiyumba kati ya nyumba za mbao, akijikwaa kwenye mawe ya volkano yaliyoachwa na mlima Nyiragongo Januari 2002, watoto humfuata wakiuiga mwendo wake, na watu wazima hucheka wakiwa mlangoni. Kicheko hicho hakijamwachisha mtu pombe ya kasiksi wala kanyanga. Kinamwongezea aibu, naye aibu hiyo huizima kwa kunywa tena.

Ninakitetea kicheko kingine, kile anachokianzisha mlevi mwenyewe mbele ya watu waliopitia kama yeye.

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari mpasuaji Bob Smith, walianzisha Alcoholics Anonymous. Kitabu cha umoja huo cha mwaka 1953 kinasimulia kundi moja lililotaka kuwa na klabu, kliniki na kila kitu kwa mara moja, likajitungia kanuni 61. Mipango yote ikaporomoka. Mwanzilishi wa kundi hilo akaongeza ya 62: watu wasijione wazito mno. Wanachama wanakisimulia kisa hicho mpaka leo, nami naona sababu. Mlevi anaishi akilinda uongo wake: sikunywa, nilikuwa mgonjwa, pesa zimeibwa. Siku anapousimulia kwa wenzake nao wakaangua kicheko, kwa kuwa walidanganya vivyo hivyo, uongo ule hautamfaa tena kesho.

Wabudha nao wana la kutufundisha. Agizo lao la tano linakataza vileo, kwa kuwa vinaondoa uangalifu wa akili. Kwa jirani zetu Uganda, mtawa Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe mwaka 2005. Watu walipoliona bakuli lake la utawa, wengine walidhani ni ngoma, wengine bomu. Mtawa huyo anavisimulia visa hivyo kwa ucheshi. Aliyejizoeza kutoing'ang'ania nafsi yake hana haja ya kuitetea kila njia panda, na mtu anayeacha pombe anauhitaji sana wepesi huo.

Sisemi msiba uchekwe. Birere imebeba lava, imebeba vita vya Januari 2025, na wapo wanaokunywa ili usiku upite. Aliyezika mtoto asilazimishwe kutabasamu. Mwacheni alie, na mkae naye. Mzaha ni wa mwenye kidonda, nasi wengine tusiutangulie, wala tusiuchukue kwenda kuuchezea mpakani, Petite Barrière.

Kwa hiyo naomba parokia, makanisa na misikiti ya hapa watoe chumba kimoja, jioni moja kila wiki, kisichoingizwa chupa. Kinachosemwa humo kibaki humo. Na atangulie kusema yule aliyekaa muda mrefu bila kunywa, kwa maana aliyekuja jana hatathubutu kucheka kabla hajamsikia mwenzake.