Uamuzi wa Safari Hufanywa Ufukweni

Maelezo ya Kitengo cha Mawasiliano kwa manahodha, wavuvi na wakazi wa kata za pwani, Bagamoyo



Tumo katika msimu wa Kusi. Alfajiri umande huvuma taratibu kutoka bara, nayo bahari huonekana shwari. Ifikapo mchana upepo hukaza, na chombo kilichotoka kwa raha hurejea kwa taabu. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, ikielekea Unguja kutoka Dar es Salaam, katika hali mbaya ya bahari. Ile ilikuwa meli. Seuze ngalawa na mashua zetu?

Kabla ya kupandisha tanga, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitolewa tahadhari ya upepo unaozidi kilometa 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, chombo kidogo kibaki pwani. Twafahamu kwamba siku bila kuvua ni siku bila kitoweo wala fedha ya shule. Lakini pato la siku moja hufidiwa. Baba wa watoto hafidiwi.

Anayesafiri avae boya la kujiokolea tangu anapopanda chombo, asilikalie kama mto. Amwachie mtu wa pwani habari ya aendako na saa ya kurejea. Simu ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Upepo ukizidi, teremsheni foromali mapema na kufunga tanga dogo. Demani isifungwe, ishikwe mkononi, ilegezwe upepo unapopiga ghafla. Mizigo na watu wakae chini, katikati, na maji yakombwe bila kukoma. Jihadharini na mlango wa Mto Ruvu, hasa wakati wa bamvua: maji yanayotoka kwa nguvu yakikutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama wima.

Chombo kikipinduka, msikiache mkaogelea kuelekea pwani. Mbao huelea, na waokoaji huona chombo mapema kuliko kichwa cha mtu.

Nanyi mnaobaki nyumbani, saa iliyoahidiwa ikipita, msingoje giza: toeni taarifa kwa viongozi wa BMU na Polisi. Wazee walisema bahari haishi zinge. Nasi tusiishiwe na tahadhari.