Fundi wa Kamukunji Ajifunze Nini kutoka Vietnam?

Mazungumzo kwa mafundi na wafanyabiashara wa Eastlands



Anayeingia Kamukunji asubuhi husikia nyundo kabla ya kuwaona wanaozigonga. Hapo hutengenezwa sufuria, karai, majiko na yale masanduku ya chuma ambayo wanafunzi wa shule za bweni hubeba shule zinapofunguliwa. Hapo jirani, Gikomba, marobota ya mitumba hufunguliwa. Ukisoma lebo kwenye kola ya shati, si ajabu kukuta limeshonwa Vietnam, Kambodia au Indonesia. Kwa nini nchi hizo zilikimbia hivyo, na fundi wa Eastlands afanye nini asiachwe nyuma?

Tuchukue Vietnam. Vita vyake viliisha mwaka wa 1975, miaka 12 baada ya Kenya kupata uhuru. Nchi ilikuwa imebomolewa kwa mabomu na chakula hakikutosha. Desemba 1986, viongozi wake walianzisha sera ya Doi Moi, yaani kufanya upya. Mkulima akaruhusiwa kuuza mavuno yake, na wawekezaji wakafunguliwa mlango. Kufikia 1989 Vietnam ilikuwa ikiuza mchele kwa wingi nchi za nje. Leo ni ya pili duniani, baada ya Brazil, kwa kuzalisha kahawa, zao ambalo Wakenya hujivunia.

Majirani zake nao hawakulala. Singapore, ambayo haina mashamba makubwa wala madini, ilianza mwaka wa 1961 kugeuza vinamasi vya Jurong kuwa eneo la viwanda. Thailand ilishika magari, Malaysia ikashika vifaa vya elektroniki. Mishahara ikipanda katika nchi moja, kiwanda cha nguo huhamia kwa jirani, na nchi iliyoachwa hulazimika kufundisha watu wake kazi ya ujuzi zaidi. Hata hivyo, wanaoshindana hivyo ndio hao hao waliounda jumuiya ya ASEAN mwaka wa 1967.

Kenya nayo haikukosa mipango. Mwaka wa 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilieleza kwamba mafundi wadogo wa nchi hii si wazururaji bali ni wazalishaji. Mwaka wa 1985, Rais Daniel arap Moi alizuru mafundi wa jua kali na kuahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Mwaka wa 2000, sheria ya AGOA ilifungua soko la Marekani kwa nguo za Afrika, na viwanda vya Athi River vikaajiri maelfu ya washonaji, wengi wao wanawake. Kisha, tarehe 1 Januari 2005, mipaka ya kiasi cha nguo ambazo nchi za Asia zingeweza kuuza iliondolewa duniani. Baadhi ya viwanda vya hapa vilifungwa na kazi zikapotea. Soko la upendeleo laweza kufungwa wakati wowote. Ujuzi hubaki na mwenyewe.

Basi fundi asitegemee bei peke yake. Sufuria zinazokuja kwa kontena zitamshinda kwa bei. Lakini kontena halipokei oda ya jiko la kipimo cha hoteli fulani, wala halirekebishi jiko likiharibika. Hapo ndipo penye nafasi. Kikwazo ni kwamba mteja akiagiza masanduku 100, mara nyingi la kwanza na la mia huwa hayalingani. Mshonaji wa Vietnam alipata soko kwa sababu shati lake la elfu linalingana na la kwanza.

Kwa hivyo, kwanza, mafundi watumie vipimo vya pamoja na watafute alama ya ubora ya KEBS. Pili, wajiunge katika vyama au ushirika, wanunue mabati kwa bei ya jumla na kugawana oda kubwa. Tatu, waombe zabuni: kisheria, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wake. Katiba ya 2010 imeikabidhi masoko, leseni za biashara, ushirika na vyuo vya ufundi vya mitaani. Mikutano ya maoni kuhusu bajeti inapoitishwa, wakazi wafike na waulize: soko lina taa na mitaro? Chuo kina mashine zinazofanya kazi? Maswali hayo ni haki yao, na kuyajibu ni kazi ya kaunti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwa Kamukunji ni kuhakikisha sanduku la mia linafanana na la kwanza.