Kupanda na Kushuka Uluguru kwa Baisikeli

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya safari za baisikeli katika njia za changarawe za milima ya Uluguru. Sisi ni waalimu katika chuo cha kufundishia waalimu, na kwa miaka kadha wa kadha tumekuwa na desturi ya kuipanda milima hiyo pamoja na wanafunzi wetu wakati wa likizo. Tumejifunza mengi njiani, na jambo moja tulijifunza kwa machozi. Hilo ndilo tutakalowasimulia; lakini kwanza yafaa mwijue milima yenyewe.

Mtu afikaye Morogoro huiona Uluguru imesimama nyuma ya mji kama ukuta. Mji uko yapata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachouangalia mji, chapita mita 2,100. Na Kimhandu, kilicho kirefu kuliko vyote, chapita mita 2,600. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huleta mawingu, nayo huupiga kwanza ubavu wa mashariki. Kwa sababu hiyo upande wa Kinole na Matombo hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Mvua hizo ndizo ziulishazo mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Msitu wa juu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, na mtu atakaye kuingia humo sharti apate kwanza ruhusa ya wenye kuutunza.

Basi, mwenye baisikeli anazo njia tatu za kuchagua.

Ya kwanza ni ya Morningside, ipandayo toka upande wa Boma hadi kwenye nyumba ya kale iliyojengwa zamani za Wajerumani. Njia hii ni fupi, lakini ni kali, yenye mawe na makorongo. Hatumshauri mtu aianze kabla hajazoea milima. Na hata aliyezoea ataisukuma baisikeli yake zaidi kuliko kuipanda. Wala hilo si aibu. Baisikeli isukumwayo hubeba mzigo vilevile.

Ya pili ni ya mashariki, ipitayo Bigwa, Kiroka na Mkuyuni kwenda Matombo. Na katika upande huo ndiko iliko njia ya kupandia Kinole. Hapa msafiri hupita kati ya migomba, minanasi na mdalasini, na harufu ya viungo humfuata njia nzima. Lakini akumbuke habari ya mvua tuliyoitaja. Wakati wa masika udongo wa huku huteleza kama sabuni, na kijito kilichovukwa asubuhi kwa kukunja suruali huweza kuwa mto jioni.

Ya tatu ndiyo tuipendayo kuliko zote, nayo ni ya Mgeta. Hufuata kwanza barabara kuu ya Iringa mpaka karibu na Mzumbe, penye kijiji kiitwacho Changarawe, jina lililo kama salamu kwa watu wa safari yetu. Huko Sangasanga msafiri huiacha barabara kuu, hupita Mlali, kisha huanza kupanda kwenda Langali na Nyandira. Hewa hubadilika, jasho hukauka, na mabonde hujaa kabichi, viazi na njegere vilivyopandwa katika miteremko mikali hata mtu hushangaa jinsi mkulima asivyoanguka shambani mwake. Afikapo Nyandira amepanda yapata mita 1,000 juu ya mji alikotoka.

Sasa tusikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chetu.

Mwaka mmoja tulipanda Mgeta tukiwa watu saba. Kabla ya kuondoka tulikagua kila kitu, ndivyo tulivyojidai. Tulitazama mipira, pampu, viraka na gundi, tulitazama minyororo, tulipima chakula na maji. Tulipanda taratibu, tukasukuma palipotushinda, tukalala juu kwa furaha. Asubuhi mvua ndogo ilinyesha, kisha ikakatika. Tukasema, “Kazi imekwisha, sasa ni kushuka tu.” Neno hilo “tu” ndilo lililotuponza.

Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, mwenye nguvu kuliko wote, alitangulia. Nyuma ya kiti chake alikuwa amefunga kikapu cha viazi, zawadi kwa mama yake. Alipofika kwenye kona moja aliwaona akina mama wanne wakipanda kutoka kisimani, madumu vichwani, wamefuatana katika njia nyembamba. Akapiga kengele, akabana breki, baisikeli haikusimama. Akabana tena kwa nguvu zake zote, haikusimama. Ndipo akaielekeza kwenye ukingo wa mlima na kujibwaga. Mtulinga ulivunjika. Mama wa mbele alirukia kando, dumu lake likapasuka juu ya mawe, naye akanusurika kwa hatua moja.

Tulipofika tulimkuta mama yule amekaa chini, amempakata kijana kichwa chake mapajani. Tulimwamkia kwa aibu, tukaomba radhi, tukaahidi kulipa dumu. Akatutazama kwa muda, akasema, “Mwalimu, dumu huuzwa dukani. Shingo ya mtoto huuzwa wapi?” Hatukuwa na la kujibu, wala hata leo hatuna.

Jioni ile tuliichunguza ile baisikeli. Raba za breki zilikuwa zimelika hata chuma kikaonekana. Tulikuwa tumekagua kila kitu cha kutupeleka juu, wala hatukukagua kitu cha kuturudisha chini. Kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa letu, tuliokuwa wakubwa wake.

Wazee walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wanafunzi wetu wa hesabu wanaweza kuithibitisha methali hii kwa kalamu. Chukueni mtu wa kilo 60, baisikeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 20, jumla kilo 100. Wakishuka mita 1,000, nguvu yote iliyowainua mpaka juu hurudi. Haipotei, sharti igeuke mwendo au joto. Kama ingegeuka joto lote, lingetosha kuchemsha yapata lita 3 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na mawe ya njia, lakini sehemu kubwa hubebwa na vipande vinne vya raba, kila kimoja kisichozidi kidole kwa ukubwa. Tena vikilowa mvua, huteleza juu ya chuma cha gurudumu, na baisikeli huenda mbali sana kabla ya kusimama.

Msidhani jambo hili ni la wanafunzi tu. Siku hizi katika nchi nyingi uko mchezo wa kushindana kwa baisikeli katika njia za changarawe. Huko Emporia, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, mashindano ya namna hii yalianza mwaka 2006, na washindani huenda maili 200. Majirani zetu wa Kenya walianza ya kwao katika nchi ya Maasai Mara mwaka 2021. Katika waendeshaji wao hodari alikuwamo Suleiman Kangangi, nahodha wa timu iitwayo Amani. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 alikuwa akishindana huko Vermont, Marekani, akaanguka katika mwendo wa kasi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 33. Twamtaja kwa heshima, wala hatumlaumu, alikuwa bingwa. Ila twasema, ikiwa changarawe yaweza kumwangusha bingwa, yatupasa sisi wa kawaida kuiogopa mara mbili.

Kwa hiyo twawaomba mshike mambo haya. Kabla ya safari ibaneni breki ya mbele, mkaisukume baisikeli; kisha fanyeni vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Gurudumu likizunguka, msiondoke. Raba mpya ina bei ndogo kuliko kiraka cha suruali. Mzigo ufungeni chini, tena imara, usiyumbe kwenye kona. Mkishuka, tumieni breki zote mbili, kwa kubana na kuachia. Msingoje mpaka mwendo uwe mkali. Simameni mara kwa mara, mpumzishe mikono na breki zipoe. Njia ikiwa imelowa, baneni mapema kidogo kidogo ili kuyafuta maji. Na mahali msipoona mwisho wa kona, shukeni mtembee.

Tena, iheshimuni njia na wenye njia. Msikate kona kwa kupita shambani au msituni, maana alama ya gurudumu katika mteremko huwa mfereji mvua inyeshapo, na mfereji huwa korongo lichukualo udongo wa mkulima. Mkimkuta mtu mwenye mzigo kichwani, simameni ninyi, naye apite. Yeye hawezi kutazama miguuni pake, na ninyi mwaweza. Msalimieni ipasavyo, kengele si salamu.

Labda mmoja wenu atauliza, “Siku hizi pikipiki zapanda mpaka vijijini, ya nini kujisumbua na baisikeli?” Twamjibu kwamba baisikeli haidai mafuta, haifukuzi ndege kwa kelele, na humpa mtu nafasi ya kuiona nchi yake na kuongea na watu wake. Wanafunzi wetu wengi walizaliwa chini ya Uluguru na hawakuijua mpaka walipoipanda kwa miguu yao wenyewe.

Kijana wetu alipona. Leo ni mwalimu wa shule, na tumesikia kwamba kila Jumamosi watoto wa shule yake hupanga baisikeli za kijiji mstari mmoja, wakazikagua breki moja moja, za wazee na za vijana. Yule mama tulimpelekea dumu jipya. Alilipokea, akatukaribisha uji, kisha kabla hatujaondoka akaziinamia baisikeli zetu na kuuliza, “Zinasimama hizi?” Tukazibana mbele yake, moja baada ya nyingine, mpaka aliporidhika.

Kwa herini, wasikilizaji, na mshuke salama.