Unene si Cheti cha Uzima



Mjini Moshi bado husikika pongezi ya zamani: mtu aliyenenepa huambiwa kwamba mambo yake yamenyooka. Pongezi hiyo ina historia. Katika miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipobisha hodi katika nyumba nyingi za Kilimanjaro, kukonda kulikuwa jambo la kunong'onezwa, na mwili mnene ukawa kama cheti cha uzima. Hofu ile ilieleweka. Cheti chenyewe, hata hivyo, hakisemi kweli.

Kipimo cha wataalamu ni hesabu nyepesi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Jibu likifika 25 uzito umezidi. Likifika 30 unene umekithiri. Kwa mwenye urefu wa mita 1.60, hizo ni kilo 77 hivi. Utafiti wa taifa ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, wakafika asilimia 28 mwaka 2015–16. Mijini walikuwa asilimia 42, vijijini 21.

Takwimu hizo zisitafsiriwe kuwa huu ni ugonjwa wa matajiri. Mama wa Kibosho hupanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na chakula chake hutoka kihambani. Akihamia Pasua au Njoro akakaa kutwa kwenye genge lake, miguu hupumzika. Ndizi, maharage na mboga sasa ni vya kununua. Chipsi, maandazi na chai ya sukari nyingi hushibisha haraka kwa fedha kidogo. Kumlaumu kwa ulafi ni kutojua bei za sokoni.

Nao unene huzaa shinikizo la damu na kisukari, na hapo ndipo tofauti hujitokeza waziwazi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, uliwaanzia watumishi wa umma. Mwenye kadi akiumwa kichwa hupimwa. Mama wa genge asiye na kadi hupiga hesabu ya fedha taslimu na ya siku ya biashara itakayopotea, akaahirisha. Huenda afike Hospitali ya Rufaa ya KCMC akiwa na kidonda cha mguu kisichopona, au amekwisha kupooza.

Jambo moja halihitaji kusubiri bajeti. Katika zahanati nyingi, mwanamke hupandishwa mizani awapo mjamzito. Akishamaliza uzazi, hata akimpeleka mjukuu kliniki, anayepimwa ni mtoto tu. Bibi husimama kando ya mizani hiyo hiyo, akiwa na miaka 50, umri ambao kisukari humnyemelea, wala haambiwi apande. Mumewe hata mlangoni hafiki.