RUHUSA YA KUJENGA: TUNATAKA JICHO, MUHURI PEKE YAKE HAUTOSHI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa muji)



Tumewaita leo juu ya jambo moja: ruhusa ya kujenga nyumba. Wengine watasema hilo ni jambo la makaratasi, liwaachiwe makarani. Sisi tunasema hapana. Mufanyakazi wa mugodi anaweka feza kidogo kidogo miaka kumi. Ananunua parsele. Anapiga matofali kwa udongo wa kichuguu, anayachoma, ananunua manjanja moja moja kila mwisho wa mwezi. Nyumba ile ndiyo pansioni yake, ndiyo urithi wa watoto wake. Ikianguka, hana nyingine, na pengine watoto wamo ndani.

Basi tuulize: Serikali inalinda namna gani kazi ile ya miaka kumi?

Sheria iko. Tusidanganyane kwamba haiko. Iko dekreti ya 20 Juni 1957 juu ya upangaji wa miji, iliyoandikwa na Wabelgiji na kubaki musingi miaka mingi baada ya Uhuru. Ikaja sheria ya 20 Julai 1973 juu ya ardhi. Mwaka 2013 waziri alitoa amri juu ya ruhusa ya kujenga kwa inchi nzima. Karatasi hazikosi. Kinachokosa ni mutu wa kuja kutazama musingi kabla haujafunikwa.

Wazee wetu wanajua mambo haya yalianza wapi. Elisabethville ulipopangwa tangu mwaka 1910, sheria za majenzi zilikuwa kwanza sheria za kutenga watu: Muzungu huku, Mwafrika kule, na uwanja mutupu katikati. Agizo lilishuka kutoka juu, na aliyekuja kukagua alikuja kutoza faini. Hata leo wengi wetu, tukimwona mutu wa biro na kitabu mukononi, tunaficha simenti. Hofu ile tumeirithi pamoja na muji.

Na leo kazi inakwenda namna gani? Mutu anakwenda kwenye komini. Anatumwa biro ya urbanismu. Kule anatumwa kadastri. Kadastri inamurudisha alikotoka. Kila mulango una bei yake, na bei haikuandikwa ukutani. Imo kinywani mwa karani. Mutu anachoka, anaanza kujenga bila ruhusa. Siku ya tatu anatokea mujumbe, anaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba kazi isimame. Jioni wanasikilizana. Kesho yake rangi inafutwa. Na ukuta? Ukuta ni ule ule. Hakuna aliyepima kina cha musingi, hakuna aliyeuliza mchanga ni karai ngapi kwa mufuko mumoja wa simenti.

Ndugu, ardhi haisomi muhuri. Tarehe 5 Desemba 2005 inchi ilitetemeka chini ya ziwa Tanganyika, na nyumba za Kalemie zikaporomoka. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 ilitetemeka Bukavu, watu wakafa, upande wetu na upande wa Rwanda pia. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 mvua ilinyesha Kinshasa. Vilima vikateremka na nyumba, watu zaidi ya 100 wakafa, na njia kubwa ya kwenda Matadi ikakatika. Mvua hatuwezi kuizuia, wala tetemeko. Lakini nani aliuza parsele juu ya bonde linalokatika? Nani aliona nyumba inapanda pale, akapokea feza, akapita?

Na sisi watu wa migodi tuna hatari yetu wenyewe. Kule Kolwezi, katika kartie Kasulo, mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao. Mashimo yakachimbwa uani, hata ndani ya vyumba, nyumba ya jirani imesimama juu ya tundu. Hatuwalaumu wenye njaa. Tunauliza: katika muji wa madini, biro inayotoa ruhusa ya kujenga na biro inayotoa ruhusa ya kuchimba zinazungumza lini?

Ubaya uko wapi? Wengine wanasema makarani ni wezi. Wako wezi, wako pia watu wa haki, na wote wanafanya kazi katika mupango uliopinda. Katiba ya 2006 inasema katika kila franga 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema katika zile 40 za jimbo, 16 ni za miji, komini, sekta na sheferi. Hesabu ni nzuri. Lakini feza zile hazikufika kwenye komini kama sheria ilivyosema. Basi komini haina enjenia, haina pikipiki, haina hata kamba ya kupimia, na mujumbe wake anangojea mushahara mudogo usiokuja. Biro inayoishi kwa muhuri itauza muhuri. Ukimulipa mutu kwa karatasi, atatazama karatasi. Ukimulipa kwa kukagua ukuta, atatazama ukuta. Hilo ndilo neno letu la leo, mulishike.

Tunaomba nini basi?

La kwanza, mulango mumoja. Mwenye parsele alete makaratasi yake mahali pamoja, na biro zenyewe zitumiane. Kazi ya kuzunguka muji na jua ni yao, si ya mama mwenye mutoto mugongoni.

La pili, bei iandikwe ukutani, ilipwe benki, na mutu apewe risiti. Siku za kungojea jibu ziandikwe pia.

La tatu, ukaguzi mara tatu: kabla ya kumwaga musingi, kabla ya kuweka manjanja, na kabla ya watu kuingia. Kila safari mukaguzi aandike jina lake na alichokiona katika kitabu kinachobaki kwa mwenye nyumba. Siku ukuta ukianguka, tutajua nani aliutazama.

La ine, komini itoe bure michoro ya nyumba ndogo, ya vyumba viwili na vitatu, iliyokwisha kukubaliwa. Uonyeshwe ndani yake mukanda wa betoni na vyuma unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, maana huo ndio unaofunga nyumba wakati inchi inatetemeka. Mufanyakazi hana feza za kumulipa arshitekti. Asiachwe ajenge kwa kubahatisha.

La tano, nyumba zilizokwisha kujengwa bila ruhusa zisibomolewe ovyo. Ziandikwe, zitazamwe, zile zinazoweza kutengenezwa zitengenezwe. Walio juu ya mashimo, kando ya mito na juu ya mabonde yanayokatika wapewe parsele nyingine kwanza. Mashini ije nyuma. Kumubomolea mutu bila kumuonyesha pa kulala ni kumutuma ajenge mahali pabaya zaidi.

La sita, sheria iwe moja. Tusione mujane anasimamishiwa kazi kwa ukuta wa choo, na tajiri anapandisha etaji ine juu ya mufereji wa maji na hakuna anayemuuliza.

Kuna wanaotujibu: «Masikini hawawezi kufuata sheria ya majenzi, simenti ni ghali.» Ni kweli simenti ni ghali. Lakini hakuna nyumba ghali kama ile unayoijenga mara mbili. Sheria inayomushinda masikini iandikwe upya pamoja naye, isigeuzwe mutego wa kumukamatia.

Na sisi wenyewe, ndugu, tuna deni. Tusinunue parsele kwenye njia ya maji, hata bei ikitupendeza. Tusitoe feza bila risiti, maana anayetoa gizani anamufundisha anayepokea gizani. Nanyi mafundi masoni, mufuko wa simenti unaoutoa kwenye musingi wa mwenzako jioni unatoa roho za watoto wake.

Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo. Wao ni watu wa kartie zetu, tunajua milango yao. Palipo na mushauri aliyechaguliwa, tumwendee sita, saba, kumi pamoja, tumuulize maneno matatu: komini yetu imepokea feza gani, imeandika ruhusa ngapi, na imekagua misingi mingapi? Asipojua, tumupe siku akaulize. Siku hiyo ikifika, turudi.

Mvua za Novemba haziko mbali na mwaka wowote. Kabla hazijanyesha, kila mumoja atazame ukuta wake na wa jirani yake, na Jumapili ijayo tukutane tena, kila kartie na orodha ya nyumba zake zilizo katika hatari.