Bakteria Aliyejificha Ndani ya Askari: Kifua Kikuu, Brusela na Kinga ya Mwili

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kanoni, Karagwe

Kuna swali tunaloulizwa sana majumbani na wagonjwa wa kifua kikuu: "Kikohozi kimeisha, nimenenepa, niendelee kumeza vidonge vya nini?" Anayeuliza si mkaidi. Anajiona amepona kweli, na kumwambia "daktari ndivyo alivyosema" si kumjibu. Jibu lenyewe limo katika namna bakteria anavyoishi mwilini.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja. Wengi hawana ugomvi nasi. Walioko utumboni hata hutusaidia. Anayepenya pasipo pake hukutana na chembe nyeupe za damu, mojawapo ikiwa makrofaji, ambayo nitaiita seli mlaji kwa sababu kazi yake ni kula. Humzingira bakteria na kumfungia ndani ya kifuko. Kisha kifuko hicho huungana na kingine chenye tindikali na vimeng'enya, bakteria akasagwa. Ndivyo vidonda vingi vya jembe na panga vinavyopona bila mtu kufika zahanati.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882, naye humezwa. Ila akishakuwa kifukoni huzuia vifuko viwili visiungane, na tindikali haimfikii. Anaishi ndani ya askari aliyetumwa kumuua. Humo huzaliana polepole mno: baadhi ya bakteria wa utumboni wanaweza kugawanyika kila dakika 20, yeye huchukua karibu siku nzima.

Mwili haukubali kushindwa. Seli za CD4, hizi tunazozisikia kliniki, hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, inayoipa seli mlaji nguvu ya kumuua mgeni wake au walau kumbana. Askari wengine hukusanyika kuizunguka, likawa kama boma. Wengi wanaishi na boma hilo kifuani hadi uzeeni, hawakohoi wala hawaambukizi mtu. Katika kila watu 100 walioambukizwa, wanaokuja kuugua ni 5 hadi 10, iwapo kinga yao haijadhoofika.

Mkoa wetu unajua kinachotokea ikidhoofika. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika hapa Kagera, na VVU hushambulia CD4 hizo hizo. Zikipungua, boma hubomoka, na bakteria aliyetulia miaka mingi huamka. Ndiyo sababu mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa VVU, na anayeishi na VVU huulizwa habari za kikohozi kila anapofika kliniki. Swali hilo halina gharama, nasi tusilipite kwa haraka.

Sasa turudi kwa mwenye vidonge. Dozi ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Bakteria wanaozaliana kwa kasi hufa mapema, ndipo kikohozi hukoma na uzito hurudi. Waliojibanza na kutulia ni wagumu kufikiwa, na hao ndio miezi iliyobaki inawasubiri. Akiacha katikati, hao huinuka tena, na pengine sasa dawa zile zile haziwawezi.

Kwetu wafugaji yupo mwingine mwenye tabia hiyo: brusela. Naye hujificha ndani ya seli mlaji, kwa hiyo tiba yake huchukua wiki 6 au zaidi. Hutoka kwa ng'ombe au mbuzi, kupitia maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma na ndama aliyetupwa bila kuvaa glovu. Homa yake huja na kuondoka, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo, hata mtu akameza dawa za malaria mara tatu bila nafuu. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote. Sioni njia ya kulegeza hapo, hata kwa mgeni wa heshima.

Nawaomba jambo moja. Mkikuta homa isiyoisha na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, ulizeni kama kuna ng'ombe wa nyumba hiyo aliyetupa mimba, kisha mpelekeni mgonjwa akapimwe.